Kanitangaze

Mdudu aliyenifilisi ana jina la Kiswahili. Wataalamu wanamwita Tuta absoluta, ila huku Ngarenanyuki tunamwita kanitangaze. Ni nondo wa kijivu asiyezidi punje ya mchele. Anataga kwenye jani la nyanya, funza wake anatoboa na kuingia katikati ya jani, anakula nyama ya ndani na kuacha ngozi mbili, ya juu na ya chini, kama bahasha iliyotolewa barua. Majani yakiisha anahamia kwenye tunda. Ukisimama shambani alfajiri unadhani kuna mtu amepitisha moto usiku. Na jina linajieleza: akishapita kwako huna haja ya kumwambia jirani, shamba lenyewe linakutangaza.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 akatambuliwa kwa mara ya kwanza Tanzania, hapa hapa kwetu, kijiji cha Ngabobo. Kwa hiyo tumeingia kwenye majarida ya wataalamu wa wadudu. Ndio umaarufu tuliojaliwa, huo pamoja na meno yetu ya kahawia, maana maji ya upande huu wa Mlima Meru yana floraidi kupita kiasi, na mtu wa Ngarenanyuki akicheka mjini watu wanajua ametoka wapi.

Mimi ni mkulima wa nyanya na mzee wa kanisa la Kilutheri, KKKT, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kuna jambo limenikaa kooni tangu msimu ule wa kufilisika, na si mdudu. Ni shuhuda.

Mnazijua. Mtu anaitwa mbele, anapewa kipaza sauti, anasema Bwana asifiwe, tunaitikia. Halafu anasimulia: alikuwa hana kitu, ndugu walimcheka, aliomba, akafunga, na sasa (hapa sauti inapanda) amejenga, amenunua gari, mtoto amepata kazi serikalini. Vigelegele. Kwaya inadaka pambio. Nimepiga makofi kwenye shuhuda hizo mara nyingi na kwa moyo safi, maana jirani akijenga na mimi napata pa kujikinga mvua. Lakini kaa benchi la nyuma ukiwa umefilisika, ndipo utasikia jinsi hadithi hizo zinavyopangwa. Mateso yanatajwa mbiombio, kama vituo ambavyo basi halisimami, ili tuwahi kufika kwenye gari. Aliye bado ndani ya mateso hana cha kushuhudia. Zamu yake haijafika.

Hata Ayubu tunamsimulia hivyo hivyo. Mhubiri anawahi sura ya mwisho: kondoo kumi na nne elfu, ngamia elfu sita, kila kitu mara mbili. Sijawahi kusikia anayesimama kwenye hesabu ya watoto. Watoto hawakuongezwa mara mbili. Alirudishiwa kumi, idadi ile ile, na wale kumi wa kwanza walibaki kaburini. Mimi na mke wangu, Mama Neema, tumezika mtoto mmoja, na baada yake tulipata mwingine. Nawaambia, hakuna anayejaza nafasi ya mwenzake.

Turudi shambani. Nililima ekari tatu, mbili za kukodi. Mbegu, mbolea na dawa nilichukua kwa mkopo kwenye duka moja la pembejeo Usa River, nikaongezea na mkopo wa kikundi. Msimu uliotangulia kreti ilikuwa imefika elfu arobaini kwa sababu wanunuzi kutoka Kenya walikuwa wanagombania mzigo, nami nikaichukua bei ile nikaizidisha kwa ekari tatu. Hesabu ya mkulima wa nyanya hupigwa usiku, na kwenye karatasi haijawahi kuoza hata nyanya moja. Mdudu alipoingia nikapulizia kila baada ya siku tatu. Nikachanganya dawa mbili, baadaye tatu, kwenye bomba moja, jambo ambalo bwana shamba alitukataza. Funza yumo ndani ya jani, dawa inateleza juu kama mvua kwenye bati. Nilivuna kreti kumi na moja. Deni lilikuwa milioni nne na laki mbili.

Ningependa kusema hapo ndipo nilipopiga magoti. Nilipiga, kweli. Lakini pia nilipanda gari kwenda mjini, kwenye hema la mhubiri mmoja nisiyemtaja, aliyekuwa akifundisha habari za kupanda mbegu: toa kwa kipimo unachotaka kuvuna. Mkulima ukimwambia habari za mbegu anakuelewa upesi kuliko mwalimu au karani, nadhani ndiyo maana tulijaa mle. Niliuza mashine ya kuvuta maji, laki nne na nusu, nikazitia zote kwenye bahasha na kuipeleka madhabahuni. Mama Neema sikumwambia. Alijua wiki iliyofuata, zamu yetu ya maji ilipofika na stoo ikawa tupu. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Baba Neema, kwani Mungu alikuwa na kiu?"

Sitaki kusema nilitapeliwa. Mtu anayetapeliwa ni yule aliyekwenda na nia njema. Mimi nilikwenda kwa Mungu kama ninavyokwenda kwa dalali wa soko la Kilombero, Arusha mjini: natanguliza kidogo, nategemea kingi, na mkononi nimeshika ile karatasi ya hesabu. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipokufa katika mkanyagano pale uwanja wa Majengo, Moshi, wakigombea kukanyaga mafuta ya upako, vijiweni walisemwa sana kuwa ni wajinga. Mimi nilinyamaza. Nilijua kile walichokuwa wanakikimbilia, na najua kama ingekuwa mwaka ule nilipouza mashine, ningekuwa mstari wa mbele.

Kilichonigeuza hakikuwa na kishindo. Zamu ya kuongoza ibada ya nyumba kwa nyumba ilinifikia, na somo lilikuwa Mwanzo sura ya 39. Nilikuwa nimepanga kusema lile tunalolisema wote, kwamba Yusufu alitoka shimoni akafika ikulu, na wewe vilevile utafika. Nilisoma polepole kwa sababu miwani yangu ilikuwa imevunjika mkono mmoja na nililazimika kuishikilia. Nikaona kitu ambacho sijui nilikipitaje miaka yote. Biblia yetu ya Union inamwita Yusufu mtu wa kufanikiwa, na inamwita hivyo mwanzoni mwa sura, ametoka kuuzwa, mtumwa katika nyumba ya Potifa. Mwisho wa sura inarudia neno lilo hilo, naye yuko gerezani kwa kesi ya kusingiziwa. Nikafunua sura ya 41, pale anapovishwa pete ya Farao, kitani safi na mkufu wa dhahabu, akapandishwa gari la pili la mfalme. Nikalitafuta neno. Halipo. Mwandishi alikuwa na kila sababu ya kuliweka hapo, akaliacha gerezani.

Nilimuuliza mchungaji, ambaye alisoma chuo cha Makumira na Kiebrania hakijamtoka. Akafungua vitabu vyake akaniambia ndivyo ilivyo hata huko: neno hilo limo mara tatu katika sura ya 39, na Yusufu akishakuwa mkubwa halisemwi tena. Alishangaa na yeye kidogo. Kisha akasema nisije nikajenga nyumba nzima juu ya neno moja. Ushauri mzuri. Sijajenga nyumba. Lakini nimeegemea hapo miaka hii yote na ukuta haujaanguka.

Maana nilijiuliza, huyu kijana alikuwa na nini mle ndani hata aitwe amefanikiwa? Mali hakuwa nayo. Amevuliwa nguo mara mbili, kwanza na kaka zake, halafu na mke wa bwana wake. Jina zuri hakuwa nalo, alikuwa na kesi ya aibu. Maandiko yanataja vitu viwili tu. Cha kwanza, Bwana alikuwa pamoja naye, na hilo limesemwa palepale penye neno kufanikiwa, huwezi kuvitenganisha. Cha pili, watu walimwachia mali zao na kugeuza mgongo. Potifa hakujua tena kilichomo nyumbani mwake isipokuwa chakula anachokula. Mkuu wa gereza hakukagua kitu. Mfungwa ndiye aliyeshika funguo.

Niliyasema haya kwenye ibada ile, kwa furaha nyingi, nadhani nilichukua dakika arobaini. Nilipomaliza, mama mmoja mjane, mtu wa maneno machache, akaniuliza, "Kwa hiyo mzee, unatuambia tukae gerezani tushukuru?"

Sikuwa na jibu. Chai ikaletwa, ikaniokoa.

Swali lake lina uzito kuliko alivyojua, au pengine alijua, maana yeye ni wa hapa. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza watu karibu 3,000 katika ardhi hii hii ninayolima, kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Watu walipewa eneo la Kingori badala yake, na wengi walikataa kwenda. Bibi yangu mzaa baba aliondoka na watoto na sufuria moja, akaenda kujibanza kwa ndugu upande wa juu kwenye migomba. Sasa chukua mafundisho yangu ya Yusufu, umpe bwana shauri wa mwaka ule asimame mbele ya bibi na sufuria yake: mama, mafanikio ya kweli si ardhi, Bwana yuko pamoja nawe, nenda Kingori. Kila neno lingekuwa la kweli, na hotuba nzima ingekuwa wizi.

Wameru hawakushukuru. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akawasemea. Walishindwa. Azimio la kurudishiwa ardhi halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Kirilo alirudi mikono mitupu, kisha akaizunguka nchi akisimulia kesi ile, na wengi wanaamini masimulizi hayo yaliwaamsha watu kuliko ambavyo ushindi ungewaamsha. Bibi hakuwa na nadharia hiyo. Alichosema, kila tulipomuuliza, ni kwamba walipokuwa wamefukuzwa hawakuacha kuimba Jumapili, na hawakuacha kudai Jumatatu.

Nikarudi kwa Yusufu nikamkuta naye yuko hivyo. Aliyefanikiwa gerezani ndiye aliyemwambia mnyweshaji wa Farao, ukitoka unikumbuke, nitoe humu, sikufanya kosa. Hakuiita jela baraka. Mnyweshaji akamsahau miaka miwili mizima. Nikampelekea mama yule jibu hilo, nikiwa nimechelewa kama wiki tatu. Akasema, "Hapo sawa." Akaendelea kupepeta maharage.

Kuna jambo jingine linalohusu mlima huu ambalo sijui niliweke wapi, kwa hiyo naliweka hapa. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikuja Meru kufungua kituo. Waliuawa usiku pale Akeri, hata hema hawajalizoea, pamoja na wasaidizi wao kadhaa wa Kichaga. Kazi yao yote ya umisionari Meru inaingia kwenye mistari miwili ya daftari. Mwaka 1902 wenzao wakarudi na kuanzisha kituo cha Nkoaranga, na leo ukienda upande wowote wa Wameru unasikia kengele ya Kilutheri. Kila mwaka unasikia mahubiri kwamba damu ya wale wawili ndiyo mbegu yetu. Mimi hapo huwa nainamisha kichwa, si kwa kuomba. Kwa sababu baada ya mauaji yale Kapteni Johannes wa jeshi la Kijerumani alikuja na askari, akaua Wameru na Waarusha ambao hakuna aliyewahesabu, akachukua ng'ombe zao. Na wale wasaidizi wa Kichaga, katika mahubiri yote niliyokaa kuyasikiliza sijasikia jina la hata mmoja. Tukiwaita wawili mbegu kwa sababu kanisa limeota, tunafanya ile ile hesabu ya gari: tunaangalia mwisho, halafu tunarudi kuyapamba mateso. Je, kama kanisa lisingeota? Je, Ovir na Segebrock wangekuwa wameshindwa mbele za Mungu? Mimi nasema hapana. Na nikishasema hapana hapo, siwezi tena kusema kwamba msimu wangu wa kreti kumi na moja ulikuwa na maana kwa kuwa tu baadaye mambo yangekuja kunyooka.

Mambo yenyewe hayakunyooka sana. Deni la kikundi nililimaliza kwa ng'ombe wawili. La duka, milioni mbili na laki sita, nililipa kidogo kidogo. Kuna msimu nilipeleka laki tatu, kuna mwaka nilipeleka elfu hamsini, na mwaka mmoja nilipeleka uso tu, nikasema mzee mwenzangu, sina. Mwenye duka ni Mwislamu, Baba Salma. Ana daftari kubwa la jalada gumu, na ukurasa wangu una kona iliyolainika kwa kufunuliwa. Wenzangu wawili watatu waliokuwa wanadaiwa naye walihamia maduka mengine, wakawa wanapita barabara ya juu. Siwalaumu. Kutoka kwetu unapanda gari la Noah, mnajazana watu kumi na wawili, mnapita katikati ya hifadhi, twiga wanawatazama, na ile saa moja na zaidi yote mimi nilikuwa natunga maneno ya kumwambia.

Ijumaa moja, mwaka wa tatu au wa nne, nilifika na elfu themanini mchana adhana inaadhiniwa. Kijana wake wa dukani alikuwa mgonjwa. Baba Salma akanawa, akavaa kofia, akachukua funguo mezani akanipa mimi. Akasema, "Kaa hapo kidogo. Akija mtu wa mbolea, bei zimeandikwa ukutani. Droo haifungi vizuri, ukivuta unyanyue." Akaenda zake msikitini.

Nilikaa juu ya mfuko wa urea karibu saa nzima. Niliuza mifuko miwili ya mbolea na chupa moja ya dawa ya ukungu. Droo ilikuwa na fedha nyingi kuliko deni langu. Nitakuwa mwongo nikisema sikuihesabu kwa macho. Mtu anayenidai miaka hii yote, kwa aibu yangu, alikuwa amenigeuzia mgongo yuko kwenye sala zake, na mimi nimeshika funguo. Nikakumbuka niliposoma kwa miwani ya mkono mmoja. Nikaanza kucheka peke yangu mle dukani. Mteja aliyeingia alidhani nimelewa.

Aliporudi nikampa hesabu. Hakuihesabu. Akapunguza elfu themanini kwenye ukurasa wangu, akaniuliza habari za watoto.

Mwaka uliofuata, kwenye ibada ya mavuno, niliitwa mbele. Nadhani walidhani deni limekwisha. Nilishika kipaza sauti nikasema Bwana asifiwe, nikasema bado nadaiwa milioni moja na laki tisa, mdudu bado yupo, mashine sijanunua nyingine, na nikawasimulia habari ya funguo. Kanisa lilikuwa kimya. Hawakujua pa kupigia kigelegele, na haki yao, sikuwa nimewaachia nafasi. Mwenye kinanda alijaribu kuanza pambio, akaliacha. Mchungaji akasema asante mzee, tukaendelea na sadaka.

Nje, wakati wa mnada wa mavuno, mkungu wa ndizi ulikuwa umefika elfu ishirini na mbili na kuku mmoja alikuwa amefungua kamba na kukimbilia makaburini, vijana wanamfukuza. Yule mama mjane akaja akasimama karibu yangu, tunatazama kuku. Akasema mwanawe yuko gereza la Kisongo mwaka wa pili, hakuna anayejua pale kanisani, yeye huwaambia yuko Dar es Salaam. Sikujua. Tumekaa kanisa moja miaka yote hiyo. Akaniuliza kama siku moja nitamsindikiza, kwa sababu hajui pa kuingilia.

Tumekwenda mara sita sasa. Kijana ameanza kulainika, mwanzoni hakutaka hata kuniangalia.

Deni limebaki laki tatu na elfu arobaini. Nalima ekari moja tu, mitego ya kuvutia nondo nimeitundika pembeni, na kila asubuhi nayachuma majani yaliyotobolewa na kuyafukia, maana tumejifunza kwamba dawa peke yake haimwezi. Wiki hii zamu yangu ya maji ni saa tisa usiku. Mama Neema ameshaweka tochi na viatu vya mpira mlangoni.